Bi Irabu na Meza ya Nyuma

Miaka ishirini na sita alifundisha darasa la pili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutamka irabu kwa aibu. Akisema "o", midomo ilijikusanya mpaka mashavu yakabonyea. Akisema "a", watoto wa dawati la mbele waliweza kumhesabia meno. Ndiyo maana wakamwita Bi Irabu, kwanza kwa siri, kisha waziwazi, mpaka hata wazazi wakifika shuleni wakawa wanauliza, "Bi Irabu yuko wapi?" Mwenyewe alijifanya jina hilo linamuudhi. Lakini mtu akimwita kwa jina lake halisi, aligeuka shingo upande.

Sifa yake ilikuwa moja, na aliijua vizuri kuliko yeyote: kuwasomesha walioshindikana. Watoto walioletwa kwa maneno ya "huyu mwalimu tumwombee tu" walitoka mikononi mwake wakisoma vibao vya maduka njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mimi sijawahi kushindwa na mtoto," alizoea kusema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Si kweli kabisa. Walikuwapo waliopanda darasa la tatu bila kujua kutofautisha "b" na "d", akawasukuma kimyakimya kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka. Lakini hao hakuna aliyewataja, na yeye hakuwa na sababu ya kuwa wa kwanza.

Basi mwanzoni mwa muhula wa pili akaletewa msaidizi.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mpole, sauti yake ndogo mpaka ukajiuliza alifaulu vipi mazoezi ya kufundisha. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kulikuwa na mtoto aliyeandika herufi kinyumenyume, mwingine asiyeweza kukaa kitako dakika tatu, mwingine asiyeona vizuri, na wengine wawili ambao hakuna aliyejua hasa tatizo lao. Aliwekewa meza ya duara nyuma ya darasa, karibu na dirisha, na viti vifupi sita. Watoto wakamwita Mwalimu wa Meza.

"Shikamoo mwalimu," alisalimia siku ya kwanza, akiinama kidogo. "Nimesikia mengi juu yako. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba," akajibu Bi Irabu. Moyoni akasema, kujifunza gani huku umekuja na meza yako.

Alipomsimulia mumewe, fundi saa mwenye kibanda chake karibu na stendi, mzee alicheka mpaka kioo cha jichoni kikamdondoka. "Kumbe wamekuletea mke mwenza! Tena wamempa chumba humohumo!"

Bi Irabu hakucheka. Utani ulimchoma kwa sababu ulikuwa umelenga penyewe. Alikuwa anaona wivu, wivu wa waziwazi, wa kumkosesha mtu hamu ya chai. Kila asubuhi alijikuta anahesabu ni watoto wangapi wamemsalimia yeye kwanza na wangapi wamekimbilia nyuma. Yule wa herufi za kinyume, ambaye yeye alihangaika naye muhula mzima, aliandika jina lake sawasawa baada ya wiki tatu kwenye ile meza. Binti alimfanya achore herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Mchanga! Mtoto akaja mbele anarukaruka, "Mwalimu, tazama!" Bi Irabu akatazama, akasema, "Vizuri," na neno hilo likamtoka kama jino.

Kwenye kikao cha walimu Mwalimu Mkuu akasimama, akamsifu yule binti, akasema, "Jamani, mjifunze kwa mwenzenu." Hakumtaja Bi Irabu. Hakukuwa na haja. Alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni, kiti alichokalia tangu Mwalimu Mkuu mwenyewe akiwa mwalimu wa michezo, na aliona kila jicho likimkwepa kwa adabu.

Tangu hapo akaanza vituko. Wakati wa meza ukifika, ghafla darasa zima linaimba silabi kwa sauti ya kupasua paa, ba be bi bo bu, mpaka yule binti anashindwa kujisikia mwenyewe. Mkasi wa darasa ukawa haupatikani. Kipindi cha meza kikaliwa dakika kumi mwanzoni na dakika kumi mwishoni. Binti hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililozidi kumkata maini.

Kilichombakizia Bi Irabu usingizi wake ni mtoto mmoja tu.

Alikuwa msichana wa miaka minane, mwembamba, analelewa na bibi yake. Wenzake walimwita Macho, kwa sababu alikuwa anamkodolea mwalimu macho tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka. Alikaa dawati la mbele kabisa, katikati. Mchango wake darasani ulikuwa mdogo, na maneno mengine aliyameza nusu, lakini mtazamo wake! Bi Irabu alikuwa amezaa wanne na kufundisha zaidi ya elfu moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwangalia hivyo, bila kupepesa, kama vile kila neno lake ni la mwisho duniani. Akisogea kulia, macho yanasogea kulia. Akienda dirishani, yanamfuata. "Huyu ananipenda," alimwambia mumewe. "Huyu ni wangu."

Macho naye aliandikwa kwenye orodha ya meza ya nyuma, maana madaftari yake yalikuwa hayasomeki. Na hapa, ndugu msomaji, Bi Irabu alipata raha yake. Kwenye meza Macho aligeuka jiwe. Binti alikaa naye bega kwa bega, kitabu kimoja kati yao, akampitishia kadi yenye tundu la kuonyesha neno mojamoja, akamnong'oneza kwa ule upole wake. Macho akatazama mezani, akatazama dirishani, kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa pili. Lakini akirudi dawati la mbele, zamu yake ya kusoma ikifika, Bi Irabu akiwa amesimama mbele yake na kitabu mkononi, alisoma. Taratibu, kwa kumeza baadhi ya herufi, lakini alisoma.

"Kwangu anasoma," Bi Irabu aliwaambia walimu wenzake huku anakoroga chai. "Sijui wengine wanamfanyaje."

Yule binti alisikia. Akaweka kikombe chake chini, akasema kwa utaratibu kwamba mwezi huo wataalamu wa kituo cha uchunguzi watapokea watoto kutoka shule zote za jirani, mara moja tu kwa mwaka, na orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. "Nimeandika majina matatu. Macho ni mmoja. Bibi yake ameshatia saini. Mimi naona kuna kitu, mwalimu, ingawa sijui ni nini. Wampime kila kitu."

"Kitu gani? Mtoto anasoma!" Bi Irabu alihisi damu inampanda. Kumpeleka Macho kupimwa ilikuwa sawa na kutangaza kwamba yeye ameshindwa naye. "Mwalimu Mkuu, njoo Jumatatu umsikie mwenyewe. Ukishamsikia, amua."

Mwalimu Mkuu akaja Jumatatu. Akasimama pembeni mwa ubao, mikono nyuma. Kifungu kilikuwa cha familia inayochimba kisima, na watoto saba walikuwa wameshakisoma kwa sauti kabla yake. Bi Irabu akasimama mahali pake, kitabu kifuani. "Haya, mama. Soma."

Macho akainua macho, akamwangalia, akasoma. Mistari sita. Alipofika "maji yakatoka", darasa likapiga makofi lenyewe.

Mwalimu Mkuu akatoa kalamu mfukoni, akaomba ile orodha, akapiga mstari juu ya jina la tatu. "Tusijaze kituo watoto wasio na tatizo. Nafasi zenyewe ni chache."

"Inawezekana nimekosea," akasema Mwalimu wa Meza. Macho yake yalikuwa mekundu. Bi Irabu aliyaona, na niseme ukweli, aliyafurahia. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo, akapita kwenye kibanda cha mumewe na kumsimulia habari nzima mara mbili.

Jumatano gego likamvimba.

Lilikuwa jino la muda mrefu, alilokuwa analibembeleza kwa karafuu, na sasa liliamua kumwaibisha. Shavu lilifura mpaka jicho likawa dogo. Lakini Bi Irabu kukaa nyumbani siku ya kazi na kumwachia mtu darasa? Thubutu. Alhamisi asubuhi akajifunga kitambaa kuanzia puani hadi kidevuni, akaingia. Watoto wakacheka kidogo, wakazoea.

Zamu ya kusoma ikafika. Kifungu kilekile cha kisima, kwa marudio. "Macho, soma."

Macho hakusoma. Aliinua uso, akatafuta. Akashusha macho kitabuni, akayainua tena, akayapitisha juu ya kile kitambaa toka upande mmoja mpaka mwingine, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umepakwa rangi nyingine.

"Soma, mama. Ulikisoma Jumatatu mbele ya Mwalimu Mkuu."

Kimya. Nyuma mtoto akakohoa kicheko. Bi Irabu akadhani ameogopa kitambaa, akakishusha kidogo, akainama kumwambia asiogope. Na kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, bila kujua, midomo yake ikatangulia kutengeneza neno la kwanza la kifungu.

Macho akasoma neno la kwanza.

Bi Irabu akasimama wima. Akapandisha kitambaa. Mtoto akanyamaza. Akakishusha, akatamka neno la pili bila sauti, midomo mitupu. Macho akalisema. Akapandisha. Kimya. Alirudia mara nne, na mara zote nne ikawa hivyohivyo.

Akawapa darasa zoezi la kuandika. Akazunguka taratibu mpaka nyuma ya dawati la mbele, akasimama hatua mbili kutoka kwenye kisogo cha yule mtoto, akaita kwa sauti ya kawaida, "Macho." Mtoto akaendelea kuchora mistari. "Macho, nina peremende hapa." Darasa zima likageuka, vichwa arobaini na viwili. Kichwa kimoja hakikugeuka.

Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, akashika shavu, na watoto wakafikiri ni jino.

Kwa hiyo yale macho hayakuwa ya mapenzi. Mtoto alikuwa anafanya kazi. Alikuwa anavuna maneno midomoni mwake, kutwa nzima, siku tano kwa wiki, bila kupumzika. Alimfuata dirishani kwa sababu asingemfuata asingejua kinachosemwa. Na yeye mwalimu, kila mtoto akisoma, midomo yake ilisoma naye. Hakuwahi kujua. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwambia.

Ungedhani alikimbia moja kwa moja kwenda kusema. Hapana. Wivu haukuwa umeondoka, ulibadilisha kiti tu. Akili yake ilianza kupiga mahesabu: kumbe mtaalamu mzima, mwenye cheti cha mahitaji maalumu, amekaa bega kwa bega na mtoto asiyesikia, anamnong'oneza miezi miwili, na hakugundua! Aliyegundua ni nani? Mwalimu mzee wa chaki. Hebu Mwalimu Mkuu asikie hilo kwenye kikao. Hebu aseme tena mjifunze kwa mwenzenu.

Aliitengeneza habari hiyo vizuri. Kabla jioni haijaingia, akiwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha mumewe, alikuwa ameshapanga maneno: nilimtilia shaka, nikampima, nikagundua. Sehemu ya midomo hakuiweka. Mumewe alimsikiliza huku akichokonoa saa ya mteja, kisha akauliza, "Sasa kama hasikii, na kusoma hajui, Jumatatu alisomaje?"

"Wewe endelea na saa zako," akamjibu.

Ijumaa, kabla ya kengele, akawakuta wote wawili ofisini, Mwalimu Mkuu na yule binti, wakikunja orodha waitie kwenye bahasha. Majina mawili. Bi Irabu akashusha kitambaa, akaanza habari yake kama alivyoipanga. Mtoto hasikii. Amempima mwenyewe. Amesimama nyuma yake akamwita. "Na mwenzetu hapa," akaongeza, akimtupia binti jicho, "alikuwa anamsemesha pembeni muda wote huo."

Yule binti alifunika mdomo kwa kiganja. Hakujitetea. "Nilikuwa namnong'oneza," akasema. "Miezi miwili namnong'oneza mtoto wa watu."

Mwalimu Mkuu akakunja uso. "Ngoja kwanza. Mwalimu, mimi nilikuwepo Jumatatu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisoma mistari sita, na kalamu iliyokata jina lake ni hii. Nikifungua bahasha leo, nitaandika sababu gani? Alisomaje?"

Hapo ndipo angeweza kusema labda alikariri. Neno lilikuwa tayari ulimini, na kwa bahati lingepita. Au lisingepita: Mwalimu Mkuu angesema, kama ana uwezo wa kukariri hivyo, tumtazame mpaka mwakani, na bahasha ingefungwa na majina mawili. Mwaka mzima mwingine Macho angekaa pale mbele akivuna maneno kwenye mdomo wa mtu.

Jino lilimpiga. Akasema, "Hakusoma kitabu. Alinisoma mimi. Mtoto akisoma, mimi natamka naye, sina habari. Nimeligundua jana kwa sababu ya hiki kitambaa. Na nilikuita Jumatatu kwa sababu nilikuwa namwonea wivu huyu."

Nje kengele ikalia. Bi Irabu alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya ofisi ilikuwa ya saruji ngumu.

Binti akafungua bahasha, akaandika jina la tatu upya, chini ya lile lililokatwa. Palikuwa na nafasi ya kujaza aliyegundua tatizo. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kukera: mwalimu wa darasa. Kisha akainua uso, akasema, "Ahsante, mama. Mimi nisingeligundua." Na alimaanisha, shetani huyu mtoto, alimaanisha kabisa. Bi Irabu akatoka nje akijisemea kwamba hata kwa roho nzuri amezidiwa, na akaona wivu tena, palepale kwenye korido.

Majibu yakaja: usikivu hafifu masikio yote mawili, huenda tangu uchanga. Baada ya wiki sita Macho akarudi na vifaa viwili vya kusikilizia, kila kimoja ukubwa wa punje ya maharage, nyuma ya masikio. Siku ya kwanza alikuwa anashtuka kwa kila kitu: kiti kikiburuzwa, chaki ikikwaruza, mwenzake akifunua ukurasa. Bi Irabu alipotamka "a" kwa nguvu zake zote, mtoto akaziba masikio. "Mwalimu, kumbe unapiga kelele!" Darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka nalo. Nyuma, Mwalimu wa Meza naye alikuwa anacheka. Sasa alikuwa akikaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na watoto wake, na mkasi ulikuwa umepatikana.

Wiki ya pili Macho akasimama na mkoba begani kabla somo halijaanza.

"Mwalimu, naweza kuhamia kule nyuma, dawati la rafiki yangu? Nasikia hata nikiwa kule."

Alisema hivyo huku anahangaika na zipu ya mkoba, hakumwangalia. Bi Irabu alikuwa na sababu tatu za kumkatalia, zote za kitaalamu. Mtoto bado anazoea vifaa. Mbele ndiko mahali pake. Aliziona zote tatu, akazijua ni za nani.

"Nenda," akasema.

Siku hiyo alitoa imla ya silabi kumi. Alisimama mahali pake, akazitamka mojamoja, na kila alipomaliza moja alitupa jicho dirishani, kwenye dawati la tatu kutoka mwisho. Kichwa kimeinama, mkono unaandika, vile vifaa viwili vidogo vimekaa nyuma ya masikio. Aliposahihisha, Macho alikuwa amepata saba kati ya kumi, na katika silabi zote kumi hakuinua uso hata mara moja. Bi Irabu akaandika saba kwa wino mwekundu, akaizungushia duara, akavionea wivu vile vifaa.